Gego la Nne

Kaka mtu alikula mfupa kama anaudai. Aliugeuza, akaugonga ukingoni mwa sahani, akauingiza mdomoni hadi karibu na koo, akafyonza uboho kwa mlio ambao Dobi aliusikia mpaka kwenye nyayo. Mafuta yalimteremka kidevuni. Akayafuta kwa kiganja, na kiganja akakifuta kwenye kitambaa cha meza, kile ambacho Dobi alikipiga pasi asubuhi ile ile, mara mbili, kwa heshima ya mgeni.

Mbele yake alikaa mdogo wake, mume wa Dobi, fundi umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Koleo. Shavu la kulia lilikuwa limevimba kama ameficha limau. Pamba iliyolowa damu ilichungulia pembeni mwa mdomo. Saa mbili zilizopita, kaka huyu huyu alikuwa amemng'oa gego la tatu ndani ya miezi miwili, na sasa alikuwa anakula malipo yake. Kwa kuwa ni ndugu, pesa haikupita. Ilipita nyama. Kila gego lililotoka, kaka mtu alikuja mezani, na nyama aliyokula ni ile ambayo mwenye gego hawezi tena kuitafuna.

"Shemeji, leo umeipatia," alisema akinyoosha sahani aongezwe. "Laini kama ulimi. Hata mgonjwa angejaribu."

"Mgonjwa anakunywa uji," alisema Dobi.

"Uji mzuri. Unashuka wenyewe, haumsumbui mtu."

Koleo akainua kikombe. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja, si zaidi, na hapo ikasikika: tak. Mlio mkavu, jirani na sikio, kama mtu amevunja kijiti nyuma ya mlango. Akashtuka, uji ukamwagika kifuani, ukateremka kwenye vifungo vya shati ukiwa na rangi ya waridi kwa damu iliyochanganyika nao.

Dobi alifuata mchirizi ule kwa macho. Si damu iliyomchefua. Miaka kumi na minne ya kufua nguo za watu ilimfundisha kuona kila kitu kinachoweza kutoka mwilini mwa binadamu. Kilichomchefua ni kwamba kaka mtu hakuacha kutafuna.

"Maumivu yamepungua?" aliuliza, mdomo umejaa.

Koleo akatikisa kichwa. Akagusa mbele ya sikio, kisha panja, kisha shingo.

"Umeona?" Kaka mtu akachangamka kama fundi aliyeletewa kazi mpya. "Tatizo la uozo limehama. Tulipong'oa la kwanza, likakimbilia la pili. Tulipong'oa la pili, likaingia la tatu. Sasa limejificha kwenye la nne. Jumapili ijayo tunalifuata huko huko. Shemeji, ulizia bucha kama watakuwa na mbavu."

&nbsp;

Jina la Koleo halikutokana na chombo. Koleo lenyewe, jipya, la mpini mwekundu, Dobi alimnunulia mumewe mwaka wa pili wa ndoa yao, na mpaka leo lilikuwa chini ya mkoba wa kazi ndani ya karatasi yake ya duka. Jina lilitokana na meno. Mafundi wenzake wakihangaika na visu, yeye aliingiza waya kwenye meno ya kulia, akabana, akavuta, ganda likatoka zima kama soksi. Mtaani walisimulia kwamba siku moja alimenya waya wenye umeme, na nyumba sita zikapata mwanga kwa kupitia kichwani kwake. Alipoulizwa kama ni kweli, alijibu kwamba zilikuwa saba.

Basi mtu wa namna hiyo taya lilipoanza kumlia, halafu kumuuma, halafu kumkaza asubuhi kiasi cha kushindwa kuingiza mswaki, hakwenda hospitali. Alikwenda kwa kaka yake.

Kaka mtu aliitwa Daktari Pazia. Miaka kumi na mmoja alifagia sakafu katika kliniki ya meno, na elimu yote aliyonayo aliipata kutoka pale ambapo mshika ufagio husimama. Alipostaafishwa aliondoka na barua ya shukrani na chuma kimoja cha kung'olea ambacho barua haikukitaja. Sasa alifanya kazi nyuma ya pazia la kinyozi. Upande huu watu walinyolewa, upande ule waling'olewa, na nywele hazikujua mpaka. Dobi alikwenda kule mara moja tu, akaona beseni la kutemea lina mate, damu na vipande vya ndevu za mtu asiyehusika. Wiki nzima hakuweza kula kitu chenye mchuzi.

Jumatatu jioni alimwambia mumewe, "Kesho tunakwenda hospitali."

"Kaka atajisikiaje?" alisema Koleo. Alizungumza akiwa amebana meno, maneno yakitoka bapa kama barua chini ya mlango.

"Kaka yako anajisikia vizuri sana. Nilimwona jana. Alijisikia sahani tatu."

&nbsp;

Tabibu wa kinywa alikuwa dada mwembamba mwenye miwani, umri wake sawa na wa mtoto wao, kama wangempata. Hakushika chuma chochote. Aliweka vidole viwili mbele ya masikio ya Koleo, kulia na kushoto, akafumba macho kama anayesikiliza redio ya jirani.

"Fungua taratibu. Funga. Fungua tena."

Tak.

Kisha akamulika ndani kwa kioo kidogo. Akayatazama meno moja moja.

"Yaliyobaki ni mazima," alisema. "Matatu haya yaling'olewa na nani?"

Koleo akatazama dari.

"Ndugu," alisema Dobi.

"Ndugu wa heshima, au wa damu?"

"Wa damu. Nyingi tu."

Tabibu akaficha tabasamu, kisha likamwisha. "Kaka, kazi yako nini?"

"Umeme."

"Waya unaumenya kwa kitu gani?"

Koleo akafunika mdomo kwa kiganja. Dobi akajibu kwa niaba yake: "Kwa hayo hayo unayoyamulika."

Dada yule akavuta kiti, akakaa mbele yao, akaonyesha kwenye shavu lake mwenyewe. Hapa mbele ya sikio, alisema, pana kiungo kinachobeba taya kama bawaba inavyobeba mlango. Katikati yake kuna kitu laini, tukiite kimto. Mtu akibana meno kutwa, na usingizini akayasaga, misuli inakaza, kimto kinasogea, na ule mlio ndio huo. Maumivu hayakai pale yalipoanza. Yanatembea mpaka sikioni, panjani, shingoni, na kwenye meno yasiyo na kosa. "Bawaba ndiyo inayolia," alisema, "na ninyi mmekuwa mking'oa mbao."

"Usiku anasaga," alisema Dobi. "Nilidhani ni panya."

Matibabu yalichukua muda mfupi kuyaeleza. Kwa wiki sita, kinywani pasiingie waya. Chakula kiwe laini, kikatwe kidogo kidogo. Asitafune ubani, asifungue chupa kwa meno. Kitambaa cha maji ya moto shavuni robo saa, asubuhi na jioni. Ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, kisha kufungua na kufunga taratibu. Mwayo ukija, ngumi chini ya kidevu ili taya lisiende mbali. Vidonge vya maumivu vya siku chache, na baada ya hapo wangempima kifuniko cha plastiki cha kuvaa kwenye meno anapolala.

"Wengi hupona kwa hayo tu," alisema tabibu. "Gego la nne usimpe mtu."

Nje, getini, Koleo alisimama ameshika karatasi kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Nimeomba dawa, nimepewa adabu," alisema. "Hakuna sindano. Hakuna hata kutoa damu. Kitambaa cha moto. Wewe dobi, nyumbani kuna nini kama si vitambaa vya moto?"

"Vipo."

"Sasa tulikuja huku kufanya nini?"

Hata hivyo jioni alikubali. Dobi alichovya taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, akalikunja mara nne kwa pembe zilizonyooka kama anakunja shuka la mteja mkorofi, akamwekea shavuni. Koleo akafumba macho. Bega la kulia, ambalo lilikuwa limepanda karibu na sikio kwa miezi miwili, lilianza kushuka. Jumatano alikula ndizi iliyopondwa, akaimaliza. Dobi akaanza kuamini.

&nbsp;

Alhamisi alasiri Dobi alikuwa mezani kwake kwenye baraza, anapiga pasi mashati ya karani mmoja mwenye kikwapa kikali, mvuke ukimpandishia puani kila siri ya karani huyo, aliposikia kicheko kikija kutoka kona. Mafundi wawili walikuwa wanamleta mumewe, mmoja kwa kila mkono. Mmoja alikuwa anacheka huku anajaribu kuacha.

Koleo alikuwa ameachama. Mdomo ulikuwa wazi wote, kidevu kimesogea mbele na kwenda upande kama droo iliyotoka kwenye reli yake, macho mekundu. Udenda ulimtoka bila kizuizi, mrefu, ukining'inia, ukikatika, ukifika kwenye mkanda wa suruali. Nzi mmoja alikuwa anamzunguka kwa mahesabu.

"Nini hiki?" alisema Dobi.

"Mama, ulikuwa mchezo tu," alisema yule anayecheka. "Msimamizi alimwona anamenya waya kwa kisu kama wanafunzi. Akasema Koleo limeota kutu. Akaweka dau la soda. Waya wenyewe ule mnene, wa jiko."

"Akauweza?"

"Akauweza. Ganda likatoka hivi." Akaonyesha urefu wa kiwiko. "Watu wakashangilia. Akafungua mdomo alitemee mbali kwa madaha, mdomo ukaenda, haukurudi."

"Soda iko wapi?"

Wakatazamana. "Tuliinywa, mama. Yeye angeinywaje?"

Dobi akaona simu mkononi mwa yule wa pili, kamera yake ikiwa imeelekezwa kwa mumewe. Alichukua shati la karani, lenye kikwapa chake, akalitupia juu ya simu na mkono wake.

Alikuwa anatafuta taulo safi wakati kaka mtu alipoingia barazani, anahema, mkoba kwapani. Habari zilimfikia kwa kinyozi kabla hazijamfikia mke. Alimzunguka mdogo wake mara moja, akainama, akachungulia ndani ya kinywa kile kilichoachama, na uso wake ukakunjuka kwa furaha.

"Msiufunge," alisema.

"Haufungiki," alisema Dobi.

"Vizuri. Miezi miwili nahangaika na mwanya wa kidole kimoja, nang'oa kwa kubahatisha, leo kajifungua mwenyewe mpaka kwenye kilimi. Hatungoji Jumapili. Nalitoa la nne, shinikizo linashuka, taya linarudi lenyewe. Dakika moja." Akatoa chuma mkobani. Akakipuliza. Akakifuta kwenye paja la suruali. Karibu na kiungo chake palikuwa na unywele.

Ni ule unywele. Baadaye Dobi alipofikiria, aligundua kwamba angeweza kuvumilia karibu kila kitu, hata maneno, hata zile sahani tatu. Lakini unywele mfupi, mweusi, wa kidevu cha mtu asiyemjua, unakwenda kinywani mwa mumewe. Hilo lilimshinda. Akanyanyua pasi.

"Shemeji, rudisha chuma chako."

"Nimesema dakika moja."

"Na hii yangu inamaliza kola kwa nusu dakika."

Pasi ilitoa mvuke. Mafundi wawili walirudi nyuma hatua moja, kwa pamoja, kama walioagizwa. Kaka mtu akacheka kidogo, akamtazama mdogo wake. "Mwambie mkeo. Nani kakulea baada ya baba? Nani kakufundisha kunyoa? Mwambie."

Koleo hakuweza kumwambia mtu chochote. Alimtazama kaka yake, akatazama chuma, akatazama mkono wa mkewe ulioshika pasi. Udenda ukakatika, ukadondoka sakafuni baina yao. Kisha yule bwana wa nyumba saba akanyanyuka kwenye kiti, akapita pembeni mwa meza taratibu, akasimama nyuma ya mkewe na kushika ncha ya khanga yake.

&nbsp;

Walikwenda hospitali kwa pikipiki, watatu pamoja na dereva, Koleo katikati, kichwa kimefunikwa taulo kama sinia la chakula. Taulo lilipepea kila mara, na kila lilipopepea mtu pembeni mwa barabara aliita mwenzake aje aone. Dereva aliuliza mara mbili kama mgonjwa angemtapikia mgongoni.

Tabibu mwenye miwani alipowaona hakuuliza. Alivaa glavu, akafunga kitambaa kwenye vidole gumba vyote viwili, akavilaza juu ya magego ya chini ya Koleo, akakita miguu sakafuni.

"Legea, kaka. Jifanye umelala."

Akakandamiza chini, kisha nyuma. Likasikika tak kubwa kuliko zote, na uso wa Koleo ukarudi kuwa uso wake. Kinywa kilikuwa kimefungwa. Machozi yalimtiririka. Wakangoja aseme neno la kwanza.

"Nimemeza nzi," alisema Koleo.

Tabibu akacheka hadi akavua miwani. Koleo naye akaanza kucheka, na Dobi akawahi kumwekea ngumi chini ya kidevu.

&nbsp;

Jumamosi Dobi alipita nyuma ya pazia la kinyozi. Alivuta pumzi nje kabla ya kuingia, kama mtu anayezamia. Kaka mtu alikuwa peke yake, anasugua kucha kwa kijiti. Juu ya kabati lake palikuwa na mtungi wa kioo wenye meno ya wateja, ya njano, meusi, mengine yana matundu kama mahindi yaliyobunguliwa. Pembeni yake, kwenye glasi ndogo iliyo safi kuliko kitu kingine chochote chumbani mle, magego matatu makubwa.

"Shemeji," alisema Dobi, "yale ya Alhamisi yameisha. Kesho njoo ule. Mbavu zipo bucha, nimeulizia."

Kaka mtu akakunjua uso. "Nilijua ni hasira tu. Wanawake na moto, hamuachani."

"Mume wangu anaomba kuyaona meno yake."

"Yachukue." Akampa glasi kwa fahari. "Lakini Jumatatu yarudi. Wateja wakiyaona haya ndipo wanapokaa kwenye kiti. Wanasema, huyu aliyeng'oa mizizi mirefu hivi si mtu wa mchezo."

&nbsp;

Jumapili mchana kitambaa cha meza kilikuwa kimefuliwa, kimepigwa pasi, hakina doa. Kaka mtu alinawa, akakaa, akakunja mikono ya shati. Mbele yake Dobi aliweka sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

"Karibu, shemeji. Anza na hicho."

Akafunua. Juu ya kitambaa cheupe, kimekunjwa mara nne, yalikuwa magego matatu, yameoshwa kwa sabuni, yanang'aa.

"Nionyeshe lililooza," alisema Dobi. "Ukinionyesha, sufuria zima lako."

Kaka mtu akatazama sahani, akatazama jikoni harufu ilikotoka. "Haya siyo. Nadhani yalichanganyika na ya watu."

Koleo akanyoosha kidole, akaligeuza moja ubavu. Kwenye ukingo wake palikuwa na mfuo mwembamba, laini, uliochimbwa na nyaya za miaka ishirini.

"Hili ni langu, kaka," alisema. "Kazi yangu naijua."

Kaka mtu akalichukua lile gego, akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akafinya jicho kama sonara. "Uozo wa namna hii hauko nje. Uko ndani. Ndani ya mzizi. Jicho la kawaida halioni."

Koleo akainama chini ya meza, akavuta mkoba wake wa kazi. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya duka iliyokuwa imekwisha kuwa ya njano, akaifungua. Mpini ulikuwa bado mwekundu. Akalichukua gego mkononi mwa kaka yake, akaliweka kati ya meno ya chuma, akabana taratibu, kwa mkono, akitazama pembeni. Likapasuka vipande viwili juu ya kitambaa.

Ndani lilikuwa jeupe mpaka mwisho wa mzizi, na katikati pana kimfereji chembamba kama uzi. Hapakuwa na kitu kingine.

Koleo akachukua la pili. Kaka mtu akamshika mkono.

"Basi, usilivunje," alisema. "Hayo mawili nayahitaji kwa wateja."

Dobi alikuwa amejiandaa kwa mengi: hasira, machozi, hata kuapa. Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Alijifuta mikono kwenye khanga, ingawa haikuwa na kitu, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na kikombe na bakuli. Kikombe alikiweka mbele ya kaka mtu. Ulikuwa uji.

"Na mbavu?" aliuliza kaka mtu.

"Zipo bucha. Nilisema nimeulizia, sikusema nimenunua. Nimenunua ya kusaga. Ya mgonjwa."

Bakuli akaliweka mbele ya mumewe: nyama iliyosagwa, laini, imezama kwenye mchuzi mzito. Koleo akachota nusu kijiko. Akafungua mdomo kidogo, akafunga, akatafuna upande wa kushoto polepole, ngumi ya mkono mwingine ikiwa tayari chini ya kidevu. Dobi alitega sikio. Mlio bado ulikuwepo, lakini mdogo, wa mbali, kama mlango wa nyumba ya tatu. Wiki tano zilikuwa zimebaki.

Ilikuwa nyama ya kwanza kuingia kinywani mwake tangu gego la kwanza. Alikula nusu kijiko kwa nusu kijiko, na mchuzi wala haukumdondoka. Kaka yake alimtazama, uji ukiota utando mbele yake, na siku ile aliyekuwa anameza mate pale mezani alikuwa yeye.